Seva ya barua pepe ya ofisi inakataa benki na kupokea matapeli: nimekosea wapi?

Karani_wa_Seva

Wakuu, habari za wakati huu. Ninasimamia seva ya barua pepe ya chama chetu cha akiba na mikopo hapa Morogoro, ambayo tuliihamishia kwenye mashine ya kukodi iliyoko Ujerumani baada ya kuchoshwa na kampuni iliyokuwa ikituhifadhia tovuti na barua kwa pamoja. Tuna visanduku 63, vingi vikiwa vya watumishi wa matawi na vichache vya ofisi, yaani mikopo, uhasibu na manunuzi. Mashine inaendesha mfumo wa Debian. Postfix ndiyo inayopokea, amavis inapitisha kila barua kwa SpamAssassin, chujio linaloipa barua alama za utaka, kisha Dovecot inaiweka kwenye kisanduku cha mwenyewe.

Kwa miezi kadhaa tumekuwa tukisumbuliwa na barua taka. Zile za Kiingereza, za dawa na za urithi wa jenerali aliyefariki, nyingi hupata alama za kutosha na kupelekwa kwenye folda ya taka. Zinazopenya ni za Kiswahili: "Ndugu mteja, akaunti yako itafungwa leo, bonyeza hapa kuithibitisha", ankara bandia zinazojifanya zimetoka kwa meneja, na watoto wa ule ujumbe wa simu ambao kila Mtanzania ameshaupata, wa "ile hela itume kwenye namba hii". Hizo hupewa alama sifuri, na nyingine hata chini ya sifuri. Nimeifundisha SpamAssassin kwa amri ya `sa-learn` barua zaidi ya 700, na sijaona badiliko lolote.

Wiki iliyopita nilisoma mahali kwamba inatosha kuongeza kwenye mipangilio ya Postfix mstari huu, unaokataa wageni waliomo kwenye orodha nyeusi ya Spamhaus:

`reject_rbl_client zen.spamhaus.org`

Nikauongeza jioni, na usiku ule kukawa kimya kabisa, nikalala nikiwa na furaha. Asubuhi mhasibu akanipigia simu kuniambia kwamba taarifa ya benki haijafika, na mtu anayetuuzia shajala akalalamika kwamba barua yake imerudishwa kwa maelezo kuwa amezuiwa. Kwenye logi nikaona kila aliyebisha hodi, mwema na mbaya, amekataliwa kwa namba 554. Nimeuondoa ule mstari na takataka zimerudi kama kawaida.

Naomba kuuliza: je, orodha hizi nyeusi hazitufai sisi wa huku? Je, nihamie Rspamd, lile chujio jingine? Na yale mafunzo ya barua 700 yalikwenda wapi?

Nahodha25

Pole sana, mkuu. Mimi orodha nyeusi nilizikimbia zamani kwa sababu kama hizo. Ninatumia orodha ya kijivu, yaani mgeni asiyejulikana anaambiwa kwa namba ya 450 kwamba arudi baadaye. Seva halisi hurudi, na programu nyingi za kutawanya takataka hazirudi kwa sababu hazina foleni. Sakinisha Postgrey, uiache na sekunde zake 300 inazokuja nazo, na nusu ya tatizo lako itakuwa imeondoka. Rspamd nayo ni nzuri, lakini usihame nyumba kwa sababu ya kufuli moja kuharibika.

mzee_wa_logi

Ndugu mleta mada, kabla hujabadilisha programu yoyote, naomba ufungue `/etc/resolv.conf` utuambie kuna nini humo. Ninadhani nitakuta 8.8.8.8 au 1.1.1.1, yaani seva za DNS za umma, na kama ndivyo, matatizo yako mawili yana mzazi mmoja.

Orodha ya aina hii haifanyi kazi kwa namna ya ajabu. Mgeni akibisha kutoka anwani fulani, Postfix inazigeuza namba za anwani hiyo nyuma mbele, inaambatisha jina la orodha, kisha inauliza DNS, yaani kitabu cha majina cha mtandao, kama jina hilo lipo. Likiwa halipo, mgeni hana doa. Likiwa lipo, jibu huja kama anwani inayoanza na 127, na tarakimu zake za mwisho ndizo zinazoeleza doa lenyewe: katika ZEN ya Spamhaus, majibu kutoka 127.0.0.2 hadi 127.0.0.11 yana maana kwamba anwani imeorodheshwa kwa sababu moja au nyingine, kwa mfano mtumaji taka anayejulikana, kompyuta iliyoambukizwa, au mtandao wa wateja wa nyumbani ambao haupaswi kutuma barua moja kwa moja.

Ila yapo majibu mengine ambayo hayamhusu mgeni hata kidogo. Spamhaus hawajibu maswali yanayopitia seva za DNS zinazotumiwa na umma mzima, kwa kuwa hawawezi kujua nani anauliza na anauliza mara ngapi. Badala ya kunyamaza, wanarudisha 127.255.255.254, ambayo tafsiri yake ni kwamba wewe muulizaji umepita njia isiyoruhusiwa. Sasa mstari wako haukuieleza Postfix itofautishe majibu, hivyo ikaona jibu limekuja na kuhesabu kila mgeni kuwa ameorodheshwa. Benki yako haikuwa kwenye orodha yoyote. Wewe ndiye uliyekuwa unaonywa, na onyo ukampelekea mgeni. Irudie logi ya usiku ule na usome mistari ya 554 mpaka mwisho wake, kwa maana sababu huwa imeandikwa palepale.

Tiba ina sehemu mbili. Kwanza, sakinisha Unbound, seva ndogo ya DNS, kwenye mashine hiyohiyo, isiyosukuma maswali kwa mtu mwingine, ili seva yako iulize DNS kwa anwani yake yenyewe. Angalizo: ukikuta 127.0.0.53 kwenye `resolv.conf`, hiyo si Unbound. Ni dalali wa systemd ambaye mara nyingi huyapeleka maswali kulekule unakokukimbia. Ukimaliza, jaribu hivi:

`dig +short 2.0.0.127.zen.spamhaus.org`

Hiyo ni anwani ya majaribio ambayo daima imo kwenye orodha, na unapaswa kupata 127.0.0.2, 127.0.0.4 na 127.0.0.10. Pili, uandike mstari wako kwa ukamilifu, ili siku njia ikiharibika tena usiwafungie watu mlango:

`reject_rbl_client zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11]`

Uweke baada ya `permit_sasl_authenticated` na `reject_unauth_destination`, usitangulie. Watumishi wako wa matawi wanaotuma barua kwa simu kupitia bando wana anwani za mitandao ya simu, na anwani za namna hiyo kwa kawaida zimo kwenye ile sehemu ya orodha ya wateja wa nyumbani. Ukiuliza orodha kabla ya kuangalia nenosiri, utakuwa unawafukuza watumishi wako wenyewe.

Kwa siku mbili au tatu za mwanzo, tanguliza neno `warn_if_reject` mbele ya mstari huo. Postfix itaandika kwenye logi nani ingemkataa, bila kumkataa. Mimi nimeshalipata somo hili kwa ghali kuliko wewe: niliwahi kuifungia ofisi nzima siku ya Ijumaa jioni, na nikagundua Jumatatu.

Karani_wa_Seva

Mkuu, nimeinua mikono. Kulikuwa na 8.8.8.8 na 8.8.4.4, zilizowekwa na mwenye mashine tangu siku ya kwanza, na mistari ya logi inasema kama ulivyoeleza. Nimesakinisha Unbound, nimeandika 127.0.0.1 kwenye `resolv.conf`, na `dig` inaleta yale majibu matatu barabara.

Hata hivyo jambo moja linanishangaza. Kabla ya kuuweka mstari mpya, niliurudisha ule wa zamani kwa makusudi nikiwa nimetanguliza `warn_if_reject`, nione kama njia imepona. Logi bado inaonya juu ya kila mgeni, kwa jibu lilelile la 127.255.255.254. Inakuwaje `dig` iko sawa na Postfix haiko sawa ndani ya mashine moja?

mzee_wa_logi

Kwa sababu hazisomi faili moja. Kwenye matoleo mengi ya Debian, sehemu kubwa ya Postfix hufungiwa ndani ya `/var/spool/postfix`, na humo ndani ina nakala yake ya `etc/resolv.conf`, ambayo hunakiliwa wakati Postfix inapowashwa. Wewe umebadilisha faili la nje, nayo bado inasoma la ndani lenye 8.8.8.8. Amri ya `systemctl restart postfix` itanakili upya, `reload` isikudanganye. Kisha uifungue nakala yenyewe kwa macho yako uhakikishe. Na amavis uizime na kuiwasha pia.

Mtwapa_Posta

Wenzangu wameshamaliza habari ya mlangoni, nami naomba kuzungumzia habari ya Kiswahili, kwa sababu ninasimamia seva ya shule kadhaa huku pwani ya Kenya na nimepitia shida hiyohiyo.

Kanuni za SpamAssassin zinazosoma maneno ya barua ziliandikwa kwa kuzingatia Kiingereza zaidi. Barua ya kitapeli ya Kiswahili haigusi hata kanuni moja ya maneno, na ndiyo maana unaiona na sifuri. Lakini kiungo kilichomo ndani ya barua hakina lugha. Ile "bonyeza hapa kuithibitisha" inaelekea kwenye kikoa fulani, na vipo vyanzo vya DNS vinavyoorodhesha vikoa vya kitapeli, ambavyo SpamAssassin huviuliza yenyewe bila wewe kuamuru. Tatizo ni kwamba ilikuwa inauliza kupitia 8.8.8.8, na huko nako inakataliwa. Tazama vichwa vya barua zako za zamani. Ukikuta `URIBL_BLOCKED`, basi muda wote huo ulikuwa unachuja kwa jicho moja. Kwa hiyo Unbound uliyoisakinisha kwa ajili ya mlango itakusaidia hata ndani.

Sasa zile barua 700. Niambie, ulizifundisha ukiwa nani? Kama uliandika `sa-learn` ukiwa root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, mafunzo yote yako kwenye `/root/.spamassassin`, ambako hakuna mtu anayeyasoma. Anayechuja barua zako ni mtumiaji anayeitwa amavis, na hifadhidata yake iko kwenye nyumba yake. Endesha amri hii:

`sudo -u amavis -H sa-learn --dump magic`

Angalia mistari ya `nspam` na `nham`, yaani idadi ya taka na ya njema zilizofundishwa. Chujio la Bayes, ile sehemu ya SpamAssassin inayojifunza kwa mifano, halisemi neno mpaka liwe limefundishwa barua 200 za taka na 200 njema, na mara nyingi watu hufundisha taka peke yake kwa sababu ndizo zinazoudhi.

Liko na jambo baya zaidi. SpamAssassin ina tabia ya kujifundisha yenyewe: barua yenye alama chini ya 0.1 inaweza kuhesabiwa kuwa njema na kuingizwa kwenye hifadhidata hivyo. Unaona inakoelekea? Matapeli wako wa Kiswahili wanapata sifuri kwa sababu hakuna kanuni inayowaelewa, kisha kwa sababu wamepata sifuri wanafundishwa kuwa ni watu wema, na barua inayofuata inapata chini ya sifuri. Ninaamini ndiyo sababu ya zile alama zako hasi. Weka `bayes_auto_learn 0`, ufute hifadhidata ya amavis kwa `sa-learn --clear`, uanze upya kwa mkono.

Unapoanza upya, uzito wa kazi uko kwenye kuchagua barua njema. Ninyi ni chama cha mikopo. Ukiifundisha taka za Kiswahili halafu ukaifundisha barua njema za Kiingereza tu kutoka benki na kwa wauzaji wa programu, itajifunza kwamba "ndugu", "mkopo", "marejesho" na "shilingi" ni dalili za utapeli, na mwanachama anayeomba mkopo wake atatupwa kwenye folda ya taka. Weka kwenye fungu la njema mihtasari ya vikao, maombi ya mikopo, salamu za rambirambi na mialiko ya harusi. Kiswahili chote cha kila siku cha ofisi. Ila kwa kuwa ni barua za watu, waombe ridhaa kwa maandishi kwanza. Mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwapo ingekuwa ni adabu tu. Mimi niliwatengenezea walimu folda mbili, "fundisha taka" na "fundisha njema", wao wenyewe wakawa wanatupia humo, na kila usiku kazi ya cron inazisoma ikiwa na jina la amavis.

Kuhusu orodha ya kijivu, hapo ninatofautiana na Nahodha. Zile sekunde 300 ni muda ambao wewe umeuweka. Muda wa kurudi anauamua mtumaji, naye anaweza kukaa nusu saa. Kampuni kubwa za barua hurudi kutoka anwani tofauti na ya mwanzo, zikahesabiwa kuwa mgeni mwingine. Mtu anayesubiri tarakimu za kuthibitisha akaunti yake, au anayetuma zabuni dakika kumi kabla ya saa ya kufunga, hatakuelewa. Postscreen, ambayo tayari imo ndani ya Postfix, inatumia wepesi mwingine: inachelewesha salamu yake kwa sekunde 6, na mgeni anayeanza kusema kabla hajasalimiwa anajulikana kuwa si seva ya kweli.

Na jambo la mwisho kwangu: angalia `$final_spam_destiny` kwenye amavis. Ikiwa ni `D_BOUNCE`, ibadilishe leo. Amavis inachunguza baada ya Postfix kuwa imekwisha kuipokea barua, hivyo ikirudisha taka, inamrudishia mtu ambaye jina lake liliibwa, na wewe unageuka kuwa mtawanya taka. `D_DISCARD` nayo inatupa kimyakimya, na siku barua njema ikitupwa hakuna atakayejua, si mtumaji wala mpokeaji. Iache `D_PASS`, barua iwekewe alama, na Sieve ya Dovecot iipeleke kwenye folda ya taka ambako mwenyewe anaweza kuiona. Kukataa kufanyike mlangoni tu, kabla hujasema "nimepokea", kwa sababu hapo mtumaji wa kweli anaarifiwa na seva yake mwenyewe.

Karani_wa_Seva

Ninawashukuru sana. Ninaleta majibu baada ya siku tisa.

Nakala ya `resolv.conf` ilikuwa ya zamani kama mzee alivyosema, na baada ya kuzima na kuwasha, maonyo yakabaki kwa wanaostahili tu. Nimeuweka mstari mpya, nimeuondoa `warn_if_reject`, na benki imefika. Kuhusu mafunzo, nimeona aibu: hifadhidata ya root ilikuwa na barua zangu zote 700 na ya amavis ilikuwa na maelfu ya barua njema ilizojifundisha yenyewe, pamoja na taka zilizozidi 200 kidogo tu. Nimefuta, na sasa nina 240 za taka na 410 njema, rambirambi zikiwemo. Ile ya "akaunti yako itafungwa" jana imepata 3.5 kutoka kwa Bayes peke yake, na orodha za viungo zikaivusha juu ya 5, kiwango cha kuhesabiwa taka.

Bado zinaingia kama ishirini kwa siku, na zote zina tabia moja: zinatoka kwenye anwani moja tu, ile ya seva ya kampuni iliyokuwa ikituhifadhia barua zamani. Nikiiweka anwani hiyo kwenye orodha ya kukataliwa, nahofia kupoteza barua za wateja wengine wa kampuni hiyo ambao tunafanya nao kazi. Je, wamedukuliwa?

Nahodha25

Kwanza nakubali hoja ya ndugu yetu wa Mtwapa kuhusu tarakimu za kuthibitisha. Huku kwangu watu huvumilia, kwako huenda wasivumilie.

Pili, sidhani kama wamedukuliwa. Endesha `dig +short MX` ukifuatisha jina la kikoa chenu, nayo itakuonyesha seva zinazopokea barua za kikoa hicho, na nadhani utaona mistari miwili: 10 ikiwa seva yako, na 20 ikiwa yao, iliyosahaulika mlipohama. Watawanya taka huchagua makusudi namba kubwa, kwa sababu wanajua mlango wa nyuma huwa hauna mlinzi. Kampuni ile inapokea kila kitu, kisha inakuletea wewe, na mlangoni kwako unaona anwani yao ambayo ni safi. Hata SPF, ile orodha ya seva ambazo kikoa kimeziruhusu kukitumia kutuma barua, haikusaidii hapo, kwa kuwa anayekukabidhi si mtumaji wa mwanzo. Na ukikataa, wao ndio watakaowarudishia waliosingiziwa.

Ufute mstari wa 20. Watu huogopa kwamba seva ikizimika barua zitapotea, lakini seva inayotuma huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena. Postfix kwa mipangilio yake ya kawaida hujaribu kwa siku 5. Kama seva yako inaweza kuzimika kwa zaidi ya siku 5, MX ya pili haitakuponya.

Ukishafuta, waandikie kampuni ile waondoe kikoa chenu kabisa kwenye seva zao zote za barua, ile ya mlango wa nyuma na ile yenye visanduku. Wasipofanya hivyo, mteja wao mwingine akikuandikia, ile seva ya visanduku itadhani bado mnakaa pale na kuiweka barua kwenye kisanduku ambacho hakuna anayekifungua. Hao wateja unaohofia kuwapoteza, yawezekana tayari baadhi ya barua zao zimelala huko tangu mlipohama; omba wakupe nakala kabla hawajafuta.

Karani_wa_Seva

Ni 20, na ni yao. Nimeifuta sasa hivi. Nimeingia pia kwenye visanduku vya zamani kule, kwa kuwa nenosiri bado lilikuwa linafanya kazi, na nimekuta barua 38 za manunuzi ambazo hazijasomwa, ya kwanza ikiwa ya wiki ileile tuliyohama. Ninaanza kuzipeleka kwa wenyewe leo jioni, kabla sijawaandikia kampuni.